Njiwa na Mbweha: Jina la Columba

Katika uhakiki wetu wa darasani tumezoea kulimaliza suala la majina ya wahusika kwa sentensi moja: jina hili linasawiri tabia ya mhusika. Basi, tunahamia kwenye taswira. Katika makala haya mafupi ninakusudia kuyapinga mazoea hayo, na mfano wangu nautoa mbali kidogo, kwa watakatifu wa kale wa Ayalandi. Hoja yangu ni kwamba jina linaweza pia kuifunika tabia.

Mtakatifu Columba aliishi kati ya mwaka 521 na 597. Wasemaji wa Kigaeli walimwita Colum Cille, yaani Njiwa wa Kanisa. Mwaka 563 alivuka bahari, akaanzisha monasteri katika kisiwa tunachokiita leo Iona, magharibi mwa Uskoti. Karibu miaka mia moja baada ya kifo chake, Adomnán, abati wa 9 wa monasteri hiyo, aliandika maisha yake kwa Kilatini. Mwanzoni kabisa anatufafanulia jina: liwe la Kilatini, la Kigiriki au la Kiebrania (Yona), maana ni ileile, njiwa. Kwake jina hilo limetoka kwa Mungu, na linamtambulisha mtu mpole, makao ya Roho Mtakatifu.

Hebu sasa tusome kwa jicho la mhakiki. Njiwa huyu alizaliwa katika ukoo wa watawala, Uí Néill. Adomnán anaihesabu safari yake kuanzia vita vya Cúl Drebene, vilivyopiganwa miaka miwili tu kabla, halafu ananyamaza. Anakiri kwamba sinodi moja ilimtenga Columba na ushirika wa kanisa, ila anasema makosa yenyewe yalikuwa madogo, ya kusameheka. Makosa gani? Hasemi ng'o. Na mfalme Áedán wa Dál Riata anapoingia vitani, mtakatifu anaagiza kengele ipigwe, watawa wanapiga magoti kumwombea. Kisha anatangaza ushindi, na idadi ya waliokufa upande wa Áedán: 303. Njiwa gani huyu, jamani? Masimulizi ya baadaye yanadai kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Crimthann, yaani mbweha. Iwe kweli isiwe kweli, waliosimulia hivyo walikuwa wasomaji wazuri. Walikisikia kile kimya.

Mtu atasema Adomnán anapamba tabaka lake tu. Sikubaliani naye. Mwaka 697 abati huyuhuyu alisimamia sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na makasisi wakati wa vita. Aliishi katika jamii ya wapiganaji, akahitaji mtakatifu aliye njiwa. Kwake jina ni hoja: linawaonya walio hai kuliko linavyomsawiri marehemu.

Lakini jina halimtii mwandishi. Kwa heshima ya mtakatifu huyo, Wagaeli waliwapa watoto jina Máel Coluim, mja wa Columba, kama Abdallah alivyo mja wa Mungu. Asili ya neno máel ni mtu aliyenyolewa kichwa, kama mtawa. Jina hilo ndilo Malcolm. Máel Coluim wa Tatu, mfalme wa Uskoti tangu 1058, aliivamia Uingereza mara kadhaa hadi akauawa huko mwaka 1093. Mja wa njiwa! Shakespeare akamfanya mhusika wa Macbeth, tamthilia tuliyo nayo kwa Kiswahili tangu 1968 kwa tafsiri ya S. S. Mushi. Kumbukeni anavyomjaribu Macduff: anajisingizia uasherati na uroho wa mali, kumbe anapima uaminifu wa mwenzake. Sidai kwamba Shakespeare aliijua maana ya jina. Ninachosema ni kuwa mbweha amerudi, amevaa jina la njiwa.

Hata kisiwa hakikusalimika. Adomnán aliandika Ioua. Wanakili wa baadaye wakaisoma u kuwa n, likawa Iona, sawasawa na lile neno la Kiebrania. Kosa la kalamu likakibatiza kisiwa jina la mtakatifu wake, na likapendwa, likabaki.

Kwa hiyo, wenzangu, tukikutana na jina katika kazi ya fasihi tusiishie kuuliza lina maana gani. Tuulize pia ni nani anayetupa maana hiyo, na kwa kutupa maana hiyo ananyamazia nini.