Ukiona Vyaelea: Picha ya Mruko wa Kwanza

Msomaji, hapana shaka umepata kuiona picha hii, ijapokuwa huenda hukuitazama. Kuona ni kazi ya jicho peke yake. Kutazama ni kazi ya jicho na akili pamoja. Eropleni yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, imeachana na ardhi kwa kimo cha futi mbili hivi. Mtu mmoja amelala kifudifudi juu ya bawa la chini. Mtu wa pili yuko upande wa kulia, miguu yake mchangani, kama mtu aliyekatizwa mbio. Nyuma yao hapana mti wala nyumba. Ni mchanga na mbingu tu. Picha ilipigwa tarehe 17 Desemba 1903, yapata saa 4.35 asubuhi, mahali paitwapo Kill Devil Hills, karibu na kijiji cha Kitty Hawk, katika pwani ya North Carolina, Marekani. Aliyelala ni Orville Wright. Aliye chini ni Wilbur, kaka yake.

Watu wengi huiita picha ya muujiza. Sifa hiyo ni kubwa, lakini haiifai. Ubora wa picha hii si kwamba yatuonyesha chombo kilicho hewani, bali kwamba yatuonyesha pia kazi iliyokipeleka huko. Nia ya insha hii ni kulithibitisha jambo hilo, na kukuomba uipime picha kwa kipimo hicho.

Aghalabu watu huanza kuitazama juu, kwenye mabawa. Wewe anza chini, kwenye mchanga. Utaona reli ya mbao, urefu wake futi 60, ambayo chombo kilikimbia juu yake kabla ya kuruka. Utaona benchi dogo lililoshikilia bawa la kulia wakati chombo kilipokuwa kimetulia. Utaona kisanduku cha umeme kilichosaidia kuwasha injini, na beleshi, na kopo la kuwekea nyundo na misumari. Utaona pia nyayo za watu zilizokwenda huku na huku. Mpiga picha mwenye kupenda unadhifu angaliviondoa vitu hivi vyote, akisema vyaichafua picha. Viondoe basi kwa fikira zako, uone kitakachobaki: chombo kisicho na asili, kinachoning'inia hewani mithili ya zulia la katika hadithi. Wahenga wa pwani yetu, waliovijua vyombo, walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapa kile kinachoelea na zana za waundaji wake vimo pamoja katika bamba moja la kioo.

Na nyuma ya nyundo ile iko kazi ya miaka. Ndugu hawa walikuwa na karakana ya baiskeli katika mji wa Dayton, Ohio. Mwaka 1900 walianza kwenda pwani ile yenye upepo mwingi, wakajaribu vyombo visivyo na injini. Walipoona kwamba hesabu walizozipokea kwa waliowatangulia hazikupatana na mambo yalivyo, hawakulalamika. Mwaka 1901 waliunda sanduku refu la kupitishia upepo, wakapima humo mabawa madogo ya maumbo karibu 200. Injini yao, yenye nguvu za farasi 12 hivi, iliundwa na fundi wao Charlie Taylor katika karakana ile ile.

Hata kamera ilikuwa sehemu ya maandalizi hayo. Orville aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza mahali alipokisia kwamba chombo kingekuwa kimeinuka. Kisha akamwomba John T. Daniels, mmoja wa watu wa kituo cha kuwaokoa mabaharia kilichokuwa karibu, abinye mpira wa kamera wakati chombo kitakapofika hapo. Lifikiri jambo hili, msomaji. Kamera ile ilikuwa imetazama hewa tupu. Aliyeitega hakungoja bahati; alikuwa amekwisha kukadiria ni wapi chombo ambacho hakijaruka kingeonekana kikiruka. Jicho la picha ni la Orville, na mkono ni wa Daniels. Inasimuliwa kwamba Daniels alishikwa na mshangao hata hakuwa na hakika kama alibinya au hakubinya. Bamba halikusafishwa mpaka ndugu hao waliporudi kwao Dayton, na humo gizani ndipo walipoona kwamba makadirio yao yametimia mara ya pili.

Na Wilbur je? Siku tatu kabla ya hapo, walirusha sarafu ili kuamua nani atangulie, naye akashinda. Lakini alikiinua chombo mno, kikaanguka na kuvunjika sehemu, ikawabidi kukitengeneza. Kwa hiyo zamu ya tarehe 17 ilikuwa ya mdogo wake. Katika picha Wilbur amekimbia akilisawazisha bawa, na sasa hivi ameliachia. Uso wake hausomeki, wala wa Orville haunekani. Wengine watasema hii ni kasoro, kwa kuwa picha ya watu mashuhuri isiyo na nyuso ni kama barua isiyo na sahihi. Lakini nyuso zingalivuta macho yetu zikatusahaulisha tendo. Picha hii haimtukuzi aliye juu wala haimdhalilishi aliye chini; yasema tu kwamba ilihitaji wote wawili.

Tuilinganishe na picha za Otto Lilienthal wa Ujerumani, zilizopigwa katika miaka ya 1890. Kwa uzuri, hizo zaishinda. Mabawa yametanda kama ya popo, miguu ya mtu yaning'inia, na mwili wake waonekana dhahiri ukipigana na upepo. Zilienea katika magazeti ya nchi nyingi, zikawatia watu hamu ya kuruka. Lilienthal alianguka tarehe 9 Agosti 1896, akafa kesho yake, na habari za kifo chake ndizo zilizowaamsha ndugu wa Dayton. Yeye naye alikuwa mtu wa vipimo, na hesabu zake ndizo walizoanza nazo. Lakini picha zake hazituonyeshi vipimo hivyo, zatuonyesha ushujaa. Mbele yake twastaajabu. Mbele ya picha ya Kill Devil Hills twauliza: waliwezaje? Na mtu anayeuliza amekwenda mbele kuliko anayestaajabu.

Walakini tusiipe picha sifa isiyo yake. Haisemi kwamba chombo kilikaa hewani sekunde 12, wala kwamba kilikwenda futi 120. Mwenye shaka angaweza kudai kwamba upepo ulikiinua kikaanguka papo hapo. Mambo hayo twayajua kwa saa, kwa vipimo, na kwa watu watano walioshuhudia. Siku hiyo ndugu hao waliruka mara nne, na mara ya mwisho Wilbur alikaa hewani sekunde 59, akaenda futi 852. Kisha upepo ukakipindua chombo, kisiruke tena milele. Hayo yote hayamo katika picha.

Kesho yake gazeti moja la mji wa Norfolk lilitangaza kwamba chombo kimeruka maili tatu. Maneno yaliongeza, picha haikuongeza hata inchi moja. Lakini mkweli huyu alikuwa bado amefungiwa. Ndugu hao waliulinda sana uvumbuzi wao, na picha haikutolewa kwa umma hadi mwaka 1908. Katika miaka hiyo mitano watu wengi, hasa wa Ulaya, waliwadhania kuwa waongo. Tena shaka yenyewe haikuondolewa na picha. Iliondolewa Agosti 1908, Wilbur aliporuka mbele ya watu karibu na Le Mans, Ufaransa. Hapa tupate funzo: picha ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi mmoja, na hakimu mwema hamalizi kesi kwa shahidi mmoja.

Liko kosa jingine ambalo si la picha bali la wanaoichapa. Pengine utaikuta imekatwa kingo, limeachwa bawa na watu wawili, na vile vya mchangani vimetupwa ili eropleni ionekane kubwa zaidi. Mwenye kukata hivyo hudhani amebakiza kiini akatupa maganda. Kumbe amefanya kinyume. Amemfundisha mtoto kwamba mambo makubwa hutokea yenyewe, mahali pasafi, kwa watu waliozaliwa na bahati. Mtoto akiamini hivyo, hatashika nyundo.

Machi 1913 mafuriko makubwa yaliuingia mji wa Dayton, na mabamba ya ndugu hao yakazama majini siku kadhaa. Bamba hili lilipotewa na kipande cha pembe; chombo na watu walisalimika. Leo limehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, mjini Washington, pamoja na ila yake hiyo, wala haikuifanya picha kuwa na thamani ndogo. Ila hiyo yatwambia kwamba nayo ilipata taabu kabla ya kutufikia, kama kilivyopata taabu kile inachokionyesha.

Basi, msomaji, utakapokutana tena na picha hii, au picha yoyote ya tendo kubwa la wanadamu, usiridhike na kilicho juu. Tafuta kilicholazwa mchangani. Kama hukioni, uliza ni nani aliyekiondoa, na kwa nini.