Mzazi, Mwana na Riwaya za Ziwa

Zamani katika Usukuma, jua lilipokwisha kuzama, wanaume wa kaya na vijana wao walikusanyika motoni, penye shikome. Hapo mzee alikuwa msimuliaji na tena mwamuzi wa simulizi: alijua neno lipi lisemwe mbele ya mtoto na lipi lingoje mwaka mwingine. Mabinti walipata zao kwa bibi, ndani ya nyumba. Riwaya iliyopigwa chapa haina adabu hiyo. Haimjui msikilizaji wake, haipunguzi neno kwa ajili ya umri wake, na mtoto wa Kahama au Geita aweza kuifungua peke yake wakati babaye yuko machimboni. Kwa hiyo mzazi apendaye kusoma pamoja na mwanawe ana kazi ambayo babu yake hakuwa nayo: hawezi kuichagua hadithi neno kwa neno, aweza tu kukaa karibu inaposomwa.

Riwaya mbili zimfaazo mzazi huyo zimetoka ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe. Ya kwanza ni ile ya Aniceti Kitereza, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa mwaka 1980, baada ya miaka 35 ya kungoja. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Watu wa nyumba za Wazinza huko Geita wataisoma kama habari za jamaa, maana Kizinza na Kikerewe ni ndugu.

Hapana shaka mtoto ataichoka upesi. Salamu ni ndefu, pombe ya ndizi hupikwa hatua kwa hatua, na safari ya kwenda ukweni hula kurasa nyingi. Lakini mzazi hachoki, kwa sababu kitabu hiki kinanena juu ya hamu yake mwenyewe. Mume na mke hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamdhihaki mke. Wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao. Mume anakwenda kujinyenyekeza ili ampate tena. Mtu akijua ya kwamba watoto wa Kitereza mwenyewe walifariki wangali wadogo, huelewa kwa nini mwandishi hakuwa na haraka. Desturi zote zile ziliandikwa kwa ajili ya wana, na mwandishi hakuwa na mwana wa kumwachia. Mzazi akiruka kurasa za pombe ili kumpendeza mtoto, amekata kiungo cha kitabu. Afadhali asome kidogo kila jioni.

Riwaya ya pili ni ngumu zaidi kuishika mbele ya mtoto. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Wazuiaji waliyaona mambo ya Rosa. Yamkini hawakuyatazama sana mambo ya Zakaria, babaye. Barua ya kijana Charles inapogunduliwa, Zakaria anampiga binti na kumfedhehesha. Huo ndio usomi wa Zakaria kama mzazi: anasoma maandishi yaliyomhusu mwanawe ili apate hatia, wala hamwulizi neno. Matokeo yake Kezilahabi ameyapanga kwa ukali. Rosa anaogopa wavulana kiasi cha kutoweza kusema nao. Kisha, afikapo shuleni mbali na macho ya baba, woga ule unageuka kinyume chake, na hana shauri la mtu yeyote la kumwongoza.

Huenda wengine wakasema mwandishi amezidisha, kwamba si kila binti wa baba mkali huishia kujiua. Ni kweli, na misiba ya sehemu ya mwisho inafuatana kwa haraka mno. Hata hivyo kosa hilo la usanii haliondoi uzito wa ile barua. Katika miji ya dhahabu, ambamo fedha huja kwa siku moja na wageni huja pamoja nayo, baba wengi wana hofu ile ile ya Zakaria, na si hofu ya kipuuzi. Hadi Novemba 2021 msichana aliyejifungua alikuwa hana njia ya kurudi katika shule ya serikali; hofu hiyo basi ilikuwa na hesabu yake. Mwezi Februari 2023 serikali ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa ajili ya kulinda maadili, na wazazi wengi waliridhika. Ila kitabu kilichofichwa kina njia zake za kumfikia mtoto, kama barua ya Charles ilivyokuwa na njia yake. Na kikimfikia kwa siri, mtoto hatakuwa na mtu wa kumwuliza.

Ni heri basi baba wa Geita aifungue Rosa Mistika mwenyewe, bintiye akiwa na umri wa kutosha, na asiishie pale msiba unapotimia. Kezilahabi anaendelea hadi akhera. Huko, mbele ya Mungu, Rosa na Zakaria wanashitakiana, kila mmoja akitaja kosa la mwenziwe. Ni mara ya kwanza baba na binti kusemezana waziwazi juu ya mambo yaliyowapata, na wote wawili wamekwisha kufa.