Faragha na Siri: Uhakiki wa Lugha ya Kuhama Huduma Kubwa za Intaneti

Tangu mwaka 2013, Edward Snowden alipofichua jinsi shirika la ujasusi la Marekani lilivyokuwa likipata habari za watu kutoka katika makampuni makubwa ya intaneti, yameenea katika lugha nyingi maandishi ya namna moja: yale yamshauriyo msomaji aziache huduma za makampuni hayo na kuhamia kwa nyingine zisizomchungulia. Badala ya Google huambiwa atumie DuckDuckGo. Badala ya Gmail, Proton Mail. Badala ya Chrome, Firefox. Badala ya WhatsApp, Signal. Kiswahili nacho kimepata fungu lake la maandishi hayo. Mengi yameandikwa kwa nia njema, na ushauri wenyewe kwa jumla ni mwema. Lakini lugha yake ina kasoro ambazo hazikomei katika mapambo ya usemi. Kwa sababu yake msomaji aweza kuhama mahali alipokuwa salama, au akabaki mahali alipopaswa kutoka. Kwa hiyo yafaa maneno yenyewe yapimwe, moja baada ya jingine.

I. Faragha na siri

Kosa la kwanza, na lililo kubwa kuliko yote, ni kutumia neno siri mahali pa faragha. Msomaji huambiwa ahamie huduma fulani ili alinde siri zake. Naye hujibu kwamba hana siri, kwa kuwa hakuiba wala hakuua. Na kwa kadiri ya swali alivyoulizwa, jibu lake ni la haki. Hata methali iko upande wake, maana imenenwa kwamba mficha uchi hazai. Mjadala hufia hapo, na mshauri huonekana kama mtu awafundishaye watu kuficha maovu.

Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali, na mara nyingi ni mahali: nafasi ambayo mtu huwa mbali na macho na masikio ya wengine. Katika Kiarabu, ambako neno hili limetoka, asili yake yahusu utupu na nafasi iliyo wazi. Mtu aogaye hana siri yo yote, kwani kila mtu ajua watu waogavyo. Hata hivyo hufunga mlango. Mume na mke wazungumzao juu ya karo ya watoto hawana njama. Hata hivyo hawaketi barazani kuyazungumza.

Waswahili hawakungoja intaneti ili wajifunze jambo hili. Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa hatua: baraza kwa wapita njia, ukumbi kwa wageni, na ndani kwa wenyewe. Mgeni hupiga hodi, naye asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake bila kinyongo. Mwenye nyumba hadaiwi kueleza kwa nini hakufungua. Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 16, imelitumia neno faragha, na kuiweka hifadhi ya mtu pamoja na ile ya jamaa yake, maskani yake na mawasiliano yake. Huo ndio msingi ambao maandishi ya kuhama yangepaswa kusimama juu yake. Kutokuwa na la kuficha hakumpi jirani ruhusa ya kuingia bila hodi.

II. Vidakuzi na usimbaji fiche

Si maneno yote mapya yaliyoharibika. Neno kidakuzi lastahili sifa. Hutumika kwa vijalada vidogo ambavyo tovuti huviweka katika kompyuta au simu ya msomaji, ili zimtambue anaporudi. Na vingine huwekwa na makampuni ya matangazo ili yamfuate kutoka tovuti moja hata nyingine. Kiingereza kimevipa jina la biskuti, jina tamu lisilomwonya mtu. Katika Kiswahili cha zamani mdakuzi ni mtu asikilizaye mambo ya watu na kuyapeleka kwingine. Kidakuzi basi ni mmbeya mdogo, na kazi yake ndiyo hiyo hasa. Ni nadra istilahi kutoboa ukweli ambao lugha iliyotoka imeufunika. Huzuni ni kwamba waandishi wengi hulitumia neno hili bila kumweleza msomaji asili yake, wakaacha silaha nzuri alani.

Kinyume chake ni usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Neno simba, kwa maana ya kuandika kwa msimbo, halijulikani na wengi. Asikiaye hudhani habari ni za mnyama. Nayo mwisho hadi mwisho ni kivuli cha usemi wa kigeni, maana katika Kiswahili safari ina mwanzo na mwisho, haina miisho miwili. Jambo lenyewe ni jepesi kueleza: ujumbe hufungwa katika simu ya mwandikaji na kufunguliwa katika simu ya mwandikiwa, na katikati hapana awezaye kuusoma, hata mwenye huduma. Zamani barua ilitiwa lakiri ili ijulikane kama imefunguliwa njiani. Hii ya leo ni zaidi ya lakiri, kwa kuwa mchukuzi hana ufunguo kabisa. Kufunga tangu kwa mwandikaji hata kwa mwandikiwa ni maneno mengi kidogo, lakini yaeleweka na bibi kijijini.

Hata hapo mfano wa barua una faida nyingine. Barua ina yaliyomo, tena ina bahasha. Tangu mwaka 2016 yaliyomo katika WhatsApp yamefungwa kwa ufundi ule ule uliobuniwa na watu wa Signal. Bahasha ndiyo iliyobaki wazi kwa mwenye huduma: nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Na katika huduma hizi kata ni seva, ambayo kila ujumbe hupitia kwake. Tofauti kubwa ya Signal ni kwamba imejitahidi kuihifadhi bahasha kidogo iwezekanavyo. Mwandishi asemaye tu kwamba WhatsApp haijafungwa na Signal imefungwa amekosea, na msomaji akija kuugundua ukweli hataamini tena hata lile la haki.

III. Bure, huria na ridhaa

Neno bure katika Kiswahili lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Maandishi ya kuhama huchezea maana ya kwanza tu. Mwaka 2014 mpango wa Facebook ulioitwa Internet.org ulianza Zambia, ukafika Tanzania na Kenya, ukiwapa watu kurasa chache zilizochaguliwa bila gharama ya data. Wengi walifaidika, lakini mlango wao wa kuingilia ukawa mmoja, nao ulikuwa na mwenyewe. Kwa upande wa Google, sehemu kubwa ya mapato hutoka katika matangazo, na tangazo hupanda thamani kadiri mtazamaji anavyojulikana. Hapo kitu kisicho na bei kina malipo, ila hayatolewi kwa shilingi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba kila cha bure ni mtego. Signal haina bei. Brian Acton, mmoja wa waliounda WhatsApp na kuiuza kwa Facebook mwaka 2014, alitoa dola milioni 50 mwaka 2018 ili kuanzisha taasisi iitunzayo Signal, na michango ya watumiaji huendelea kuisaidia. Swali la kumfundisha msomaji ni hili: nani analipa, na kwa sababu gani? Ndipo litakapoeleweka neno jingine, huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yaweza kusomwa na kusahihishwa na kila mwenye ujuzi. Huenda ikauzwa, huenda isiuzwe. Uhuria wake haukai katika bei.

Neno la tatu ni kubali. Chini ya kila masharti ya huduma pameandikwa kitufe cha kukubali, na sheria nayo huzungumza juu ya ridhaa. Maneno haya mawili hayako sawa. Mdeni hukubali masharti ya mkopeshaji kwa kuwa hana njia. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu aliyeelewa na awezaye kukataa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Tofauti ya maneno haya iligeuka kuwa kesi. Mwaka 2023 watu wa Nairobi walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Mwezi wa Agosti serikali iliusimamisha mradi huo nchini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru data hizo zifutwe. Moja ya kasoro zilizoonekana ilikuwa ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha mali. Wote wale walikuwa wamekubali. Mahakama iliuliza kama waliridhia.

IV. Salama

Neno lililotumiwa kwa ukarimu kupita yote ni salama. Huduma mpya husemwa kuwa salama kabisa, na hapo mshauri huchukua tabia ya mchuuzi. Mifano miwili yatosha.

Wa kwanza ni Telegram. Mwaka 2021 wengi waliihamia wakidhani wametoka gizani. Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi tangu kwa mwandikaji hata kwa mwandikiwa. Hukaa katika seva za kampuni, na ni yale tu yaitwayo mazungumzo ya siri yafungwayo hivyo. Aliyetoka WhatsApp kwenda huko, kwa habari ya yaliyomo, aliacha barua iliyofungwa akashika iliyo wazi.

Wa pili ni Proton Mail ya Uswisi. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba, kwa amri ya serikali ya Uswisi iliyotokana na ombi la polisi wa Ufaransa, kampuni hiyo ilitoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja wa mazingira. Yaliyomo katika barua hayakutolewa, kwa kuwa yalikuwa yamefungwa. Lakini tovuti ya kampuni ilikuwa ikisema kwamba kwa kawaida anwani hizo hazihifadhiwi, na baada ya kisa hicho maneno yale yakarekebishwa. Kampuni haikuvunja sheria ya nchi yake. Kilichovunjika ni matumaini yaliyojengwa juu ya sentensi moja iliyokuwa pana kuliko ukweli.

Msomaji wa Tanzania ana jambo lake la kuongeza. Laini ya simu yake imesajiliwa kwa alama za vidole, na Signal bado hudai namba ya simu wakati wa kujiandikisha, ingawa tangu mwaka 2024 mtu aweza kuwaficha wenzake namba hiyo. Yaliyomo katika maneno yake yatafungwa, lakini si kweli kwamba atakuwa hajulikani. Nyumba njema si mlango. Mwandishi mwaminifu humwambia msomaji salama dhidi ya nani, na kwa jambo gani. Bila nyongeza hizo neno salama ni salamu tu.

V. Kuhama

Januari 2021 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wakubali masharti mapya yaliyohusu hasa mawasiliano na wafanyabiashara na habari zigawanywazo na Facebook. Watu katika nchi nyingi walielewa kwamba ujumbe wao wa faragha utasomwa. Kampuni ililazimika kusogeza mwisho wa muda kutoka tarehe 8 Februari hadi 15 Mei, na Signal ilipokea wageni wengi hata ikazimika mnamo tarehe 15 Januari. Baadaye wengi walirejea, au walishika zote mbili.

Maandishi ya kuhama huwalaumu kwa uvivu. Lawama hiyo imetokana na kulitumia neno hama kama kwamba nyumba ni ya mtu mmoja. Kivinjari na mtambo wa kutafutia mtu aweza kuvihama peke yake jioni moja. Mazungumzo hayahamwi hivyo. Kamati ya harusi, kikundi cha kuweka na kukopa, taarifa za msiba, wazazi wa darasa la tatu: hao wote wako mahali pamoja, na atokaye peke yake hakuhama, amejitenga. Usiache mbachao kwa msala upitao ni onyo la mtu ajuaye kwamba msiba ukitangazwa hatangojwa. Ushauri bora ungesema ukoo uhame na ukoo, na kikundi kiamue pamoja katika mkutano wake.

Yapo pia ya kuwakumbusha wataalamu wa lugha. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilidai orodha ya istilahi za kompyuta iliyotengenezwa na wenyeji wa lugha. Mwaka 2010 wengi wa waundaji wa OpenOffice walijitenga wakaanza LibreOffice. Programu huria husonga mbele kila mwaka, na tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma. Kampuni kubwa hulipa wafasiri. Huduma ndogo hutegemea wanaojitolea. Palipo na Kiswahili kibovu au pasipo na Kiswahili kabisa, msomaji wa kawaida hatahamia, hata faragha yake ikiwa imetunzwa namna gani.

Kwa hiyo kazi imegawanyika. Wahandisi wamekwisha kujenga nyumba zenye milango. Kueleza ni mlango upi wa baraza na upi wa ndani, kulitofautisha kubali na ridhaa, na kumfanya kidakuzi aitwe kwa kazi yake, ni kazi ya watu wa lugha. Nayo haitafanywa Geneva wala California.