NEPTUNE FROST: MCHIMBAJI ALIYESIMAMA KUTAZAMA JIWE

Zipo filamu ambazo mtazamaji aliyezoea milio ya bunduki na mbio za magari huziona kuwa mzigo. Kamera inakaa mahali pamoja, mtu anatembea, jua linazama, na aliyeketi kwenye benchi anaanza kupiga miayo. Baadhi yake zimetengenezwa na wanamuziki wa elektroniki, yaani wale ambao sauti yao hutoka katika mashine. Hapa tutaieleza moja iliyopigwa jirani kabisa na sisi: Neptune Frost, ya Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, pamoja na Anisia Uzeyman wa Rwanda. Ilipigwa Rwanda, hadithi yake imewekwa Burundi, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes, Ufaransa, mwaka 2021.

Tuliionyesha Msowero, wilayani Kilosa, kwa vijana wa darasa la itikadi. Ilipofika nusu saa swali la kwanza likatoka: mbona haianzi? Swali hilo lilistahili kujibiwa kwa makini, maana jibu lake limo ndani ya filamu yenyewe, tena mwanzoni kabisa.

Kijana aitwaye Tekno anachimba koltani. Anaokota kipande cha jiwe, anakiinua, anakitazama. Hakuiba wala hakugoma; amesimama tu kuliangalia lile analolichimba kila siku. Mlinzi mwenye bunduki anampiga, naye anakufa pale pale. Ngoma zinalia machimboni na kazi inatakiwa iendelee. Kosa la Tekno, basi, ni kwenda polepole. Filamu nzima inaendelea kulitenda kosa lile lile mbele ya macho yetu: inasimama na kutazama pale ambapo soko linataka mtu asitazame. Mtazamaji anayedai iharakishwe, bila kujua, anasema maneno ya mlinzi.

Wazee wa Kilosa hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mashamba ya mkonge ya wilaya hii yaliendeshwa kwa kipande: manamba alipimiwa kazi ya siku, na asiyeimaliza siku yake haikuandikwa kwenye kadi. Nyapara hakuwa na haja ya kujua mtu anafikiri nini, mradi mkono usisimame. Mkonge ulikwenda ng'ambo ukawa kamba za meli. Koltani nayo huenda ng'ambo ikatolewa tantali, madini ya kutengenezea vijisehemu vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Katika hali zote mbili anayevuna hajui bei ya mwisho, na anayenunua hajui jina la aliyevuna.

Hapo ndipo filamu hii inapoachana na ndugu zake wa Ulaya. Mwaka 2006 Wafaransa wawili wa kundi la Daft Punk, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, walitoa Electroma. Nayo ni ya polepole, tena haina hata neno moja la mazungumzo. Roboti wawili wanazunguka California kwa gari wakitaka wawe binadamu. Wanavikwa nyuso za bandia, jua linaziyeyusha, kisha wanatembea jangwani hadi kujiangamiza. Kazi imefanywa kwa ustadi, na upweke wake unagusa moyo. Lakini roboti hao hawana fundi, hawana kiwanda, wala hawana mgodi. Mashine imeshuka kutoka mbinguni na sasa inahuzunika! Williams na Uzeyman wanauliza lile ambalo wale wawili hawakuuliza, yaani chuma hicho kilitoka wapi na kwa jasho la nani. Hata mavazi yaliyobuniwa na Cedric Mizero wa Rwanda yana waya na vipande vya kompyuta, na kijiji cha wadukuzi kimejengwa kwa takataka za mitambo. Kilichochimbwa Afrika kimerudi Afrika kikiwa jaa.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Matalusa, ndugu yake Tekno, anautoroka mgodi na kukutana kijijini na Neptune, mhusika anayechezwa kwanza na mwanamume kisha na mwanamke. Kutokana na kukutana kwao inazuka nguvu inayovuruga mitandao ya dunia nzima. Ni ndoto nzuri. Lakini wachimbaji waliobaki shimoni wanaanza kusahaulika, na badala ya umoja wa wenye kuchimba tunapewa muujiza wa wachache wenye vipaji. Ndege zinapokuja kukishambulia kijiji, nguvu hiyo haikiokoi. Hatuwezi kusema kama watengenezaji walikusudia iwe onyo. Sisi tuliipokea hivyo.

Upo pia ukimya mmoja mzito. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, ambao machimbo yake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba madini hayo yalivushwa kwa magendo hadi Rwanda. Serikali ya Rwanda imekana kuhusika. Filamu ilitangulia matukio hayo, lakini biashara yenyewe ni ya zamani zaidi. Na katika filamu dola inayonyonya haina jina wala mpaka, ni "Mamlaka" tu. Kwa shairi yatosha. Kwa mwanafunzi wa uchumi wa siasa haitoshi, na mkufunzi alete ramani.

Kwa matawi na vyuo vitakavyotaka kuionyesha: ina urefu wa saa moja na robo tatu, na wahusika huzungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza wakichanganya. Msowero tuliweka mkalimani kando ya kitambaa cha projekta, na baada ya kifo cha Tekno tukaisimamisha dakika kumi watu wazungumze. Mjadala ulikula dakika arobaini, na mafuta ya jenereta yakaisha kabla ya filamu, ikabidi tuimalizie kesho yake.