Malori Yaliyokatazwa Kuzeeka

Februari 1998 kampuni ya kuzoa taka ya Waste Management, yenye makao yake karibu na Chicago, ilitangaza kwamba faida yake kabla ya kodi, tangu 1992 hadi robo ya tatu ya 1997, ilikuwa imekuzwa kwa takriban dola bilioni 1.7. Wakati huo hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imewahi kusahihisha hesabu zake kwa kiasi kikubwa namna hiyo. Aliyezoea habari za ufisadi angetarajia kukuta wateja hewa au ankara za kughushi, lakini kiini cha shauri hakikuwa huko. Malori yalikuwapo, wateja walikuwapo, na taka zilizolewa kila siku. Fungu kubwa kuliko yote katika masahihisho hayo, zaidi ya dola milioni 500, lilihusu jambo ambalo wasomaji wengi wa taarifa za fedha hulipitia bila kusimama: uchakavu wa magari, mitambo na makontena.

Uchakavu katika uhasibu haupimi jinsi chuma kinavyoliwa na kutu, wala bei ambayo mali ingepata mnadani leo. Ni njia ya kugawa gharama. Kampuni ikinunua lori, fedha hutoka mara moja, lakini gharama huingizwa katika hesabu za mapato kidogo kidogo kwa miaka yote ambayo lori litafanya kazi, ili kila mwaka ubebe sehemu yake. Mali zisizoshikika kama leseni, hataza na programu za kompyuta hufanyiwa vivyo hivyo, na wahasibu huita mgawanyo huo amotizesheni. Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua bei ya kununulia, ondoa kiasi unachotarajia kupata siku ya kuiuza mali ikiwa imechoka, kisha gawanya kwa miaka ya matumizi. Katika tarakimu hizo tatu, moja tu ina risiti. Umri na thamani ya mabaki ni makisio ya menejimenti kuhusu siku ambazo hazijafika. Kwa hiyo mstari wa uchakavu, ingawa umechapwa kwa wino uleule na mstari wa mishahara, ni maoni ya wakubwa wa kampuni kuhusu mali zao wenyewe, na inafaa usomwe kama maoni: kwa kuuliza yana ushahidi gani.

Tuseme lori limenunuliwa kwa dola 120,000, linatarajiwa kufanya kazi miaka 8, na mwisho wake halitakuwa na bei. Uchakavu ni dola 15,000 kwa mwaka. Baada ya miaka 4 vitabu vinalionesha kwa dola 60,000. Sasa menejimenti inaamua kwamba lori hilohilo litaishi miaka 12 na kwamba litauzwa kwa dola 30,000. Kwa kuwa mabadiliko ya makisio huhesabiwa kuanzia yanapofanywa na kwenda mbele, bila kurudi nyuma, kinachobaki kugawanywa ni dola 30,000 kwa miaka 8. Uchakavu unaporomoka kutoka 15,000 hadi 3,750. Umri umeongezwa kwa nusu tu, lakini gharama ya mwaka imepungua kwa robo tatu. Kampuni yenye malori 1,000 ya namna hiyo imejipatia zaidi ya dola milioni 11 za faida kwa mwaka bila kuzoa pipa moja la ziada. Nimetumia tarakimu za kubuni ili hesabu ifuatike, lakini mlango ni huohuo. Watu hudhani kuongeza miaka michache ni marekebisho madogo, kumbe yanapofanywa katikati ya maisha ya mali, pamoja na mabaki ambayo hayakuwapo, nguvu yake hujizidisha.

Waste Management ilifikaje hapo? Ilikuwa imekua kwa kununua kampuni ndogo za taka, moja baada ya nyingine, na soko la hisa lilikuwa limeizoea kasi hiyo. Miaka ya 1990 kasi ilipungua, malengo hayakupungua. Kwa mujibu wa mashtaka ambayo tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliyafungua Machi 2002 dhidi ya mwanzilishi Dean Buntrock na maofisa wenzake watano, makao makuu yaliweka kwanza faida inayotakiwa, kisha yakatafuta namna ya kuifikia. Malori ya taka yaliongezewa miaka na kupewa thamani za mabaki zisizo na msingi. Mali nyingine ambazo hazikuwahi kuwa na thamani ya mabaki zikapewa. Marekebisho hayo yalifanywa juu kwa juu, makao makuu, mwishoni mwa kipindi cha hesabu, si katika vituo ambako mafundi waliyajua malori kwa injini zake. Mengine yalifanywa robo ya nne na kuhesabiwa tangu mwanzo wa mwaka, hata punguzo la miezi kumi na miwili likaangukia robo moja. Kwangu hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Fundi anaweza kugundua mwezi wowote kwamba lori linadumu kuliko ilivyodhaniwa; ugunduzi unaojirudia kila Desemba, mara tu faida inapopungukiwa, umetoka kwenye meza ya bajeti.

Madampo nayo yana funzo lake, kwa sababu yanatumika kwa ujazo. Gharama ya kununua ardhi, kupata vibali na kutandika utando wa kuzuia maji machafu inapaswa kugawanywa kwa kadiri shimo linavyojaa. Anayetaka kupunguza gharama ya mwaka ana njia mbili: kudai kwamba shimo litapokea taka nyingi zaidi ya vibali vilivyopo, au kunyamaza tu wakati linajaa. Mashtaka yalidai kwamba kampuni haikuandika gharama ya madampo yaliyokuwa yakijaa, wala haikufuta gharama za miradi ya madampo iliyoshindikana. Mradi uliokufa ulibaki kwenye mizania kama mali.

Mtetezi wa kwanza atasema: jumla ya uchakavu haibadiliki, ukipunguza leo utaongeza kesho, kelele za nini? Kwa lori moja, ni kweli kabisa. Turudi kwenye lile la mfano: likichoka mwaka wa 8 kama ilivyokisiwa mwanzo, vitabu bado vitalionesha kwa dola 45,000, na likiuzwa kwa 5,000 hasara ya 40,000 itatua kwa siku moja. Lakini kampuni si lori moja. Maadamu inanunua malori mapya kila mwaka, nafuu ya mapya huweza kufunika deni la ya zamani, na siku ya malipo husogezwa mpaka ununuzi usimame. Tena wenye hisa si walewale: aliyenunua 1993 kwa bei iliyopandishwa na faida ya kukopa, na aliyeuza kabla ya Februari 1998, hawakugawana jumla hiyo sawa. Wala si lazima hasara ya kuuza mali ionekane. Mwaka 1995 Waste Management ilipata faida ya takriban dola milioni 160 kwa kubadilishana hisa zake katika kampuni ya ServiceMaster, na kwa mujibu wa tume ile, faida hiyo ilitumiwa kufuta makosa ya hesabu ya miaka ya nyuma bila wawekezaji kuambiwa.

Mtetezi wa pili ana sauti kubwa zaidi sokoni. Uchakavu si fedha inayotoka, anasema, kwa hiyo tuutupe na tutazame faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotizesheni. Kipimo hicho kina kazi yake, hasa kwa benki inayotaka kujua kama mkopaji ataweza kulipa riba ya mwaka huu. Lakini fedha ilitoka, ilitoka tu mapema, na itatoka tena. Mwenye daladala anayepokea hesabu yake kila jioni na kuiita yote faida hajaongopewa na dereva. Amejiongopea mwenyewe, na injini itamweleza. Katika biashara ya malori, ndege au minara ya simu, uchakavu ndio gharama ya kuendelea kuwapo. Anayetaka kujua ukubwa wake halisi alinganishe uchakavu wa mwaka na fedha zilizotumika kununua mali mpya, zinazopatikana katika taarifa ya mtiririko wa fedha. Kampuni isiyopanuka ambayo kila mwaka inalipia mali mpya fedha nyingi kuliko uchakavu inaoandika, huenda bei zimepanda tu, au huenda mali zake zinachoka haraka kuliko inavyokiri.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolipa uzito. Kubadilisha umri wa mali si kosa. Kanuni za kimataifa za uhasibu, zinazotumika Tanzania na Kenya pia, zinaamuru umri na thamani ya mabaki vipitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka. Shirika la ndege la Delta lilikuwa likigawa gharama ya ndege kwa miaka 10. Mwaka 1986 likasogea hadi 15, na mwaka 1993 hadi 20. Wakati huohuo Singapore Airlines, lenye ndege za aina zinazokaribiana, lilitumia miaka 8, na tangu 1989 miaka 10 na mabaki ya asilimia 20. Nani alisema uongo? Hakuna. Delta ilirusha ndege zake mpaka zizeeke. Singapore Airlines iliuza zake zikiwa bado changa, kwa kuwa abiria wake walilipia upya wa ndege. Umri katika vitabu ulifuata umri katika matumizi, na mashirika yote mawili yaliandika wazi kanuni zao katika maelezo ya hesabu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka viwango vya uchakavu vipangwe na serikali kwa kila mtu. Kodi hufanya hivyo, na kwa haki: Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 hutenga asilimia 37.5 kwa kompyuta na magari madogo, asilimia 25 kwa malori mazito na ndege, kwa thamani inayobaki, bila kujali menejimenti inaonaje. Mtoza kodi anataka usawa na anaogopa ubishi. Mwekezaji anataka kujua mali hii mahususi, mikononi mwa watu hawa, itadumu kiasi gani, na kiwango cha sheria hakiwezi kumjibu.

Basi tofauti kati ya Delta na Waste Management haikuwa kuongeza miaka. Ilikuwa kwamba miaka ya mmoja ilikuwa na ndege angani za kuithibitisha na taarifa kwa wasomaji, na ya mwingine haikuwa nayo. Wakaguzi wa Arthur Andersen waliyaona mengi. Walihesabu makosa, walipendekeza masahihisho, yakakataliwa, na bado wakatoa hati safi. Mwaka 1994 walikubaliana na wakubwa wa kampuni orodha ya hatua 32 za kurekebisha mambo taratibu katika miaka ya mbele, ambazo kampuni haikuzitimiza. Mwaka 2001 Andersen ikalipa faini ya dola milioni 7. Mwaka 2005 Buntrock na watatu kati ya wenzake walikubali kulipa jumla ya dola milioni 30.8, bila kukiri wala kukana. Wenye hisa walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 6.

Amotizesheni ni ngumu zaidi, kwa kuwa orodha ya wateja au programu haina mnada wa kuisaili. Na pale ambapo kanuni zimeondoa mgawanyo wa kila mwaka, kama ilivyo kwa nyongeza inayolipwa juu ya thamani ya mali wakati wa kununua kampuni nyingine, gharama haikuondoka. Inasubiri ipimwe ndipo iandikwe kwa mkupuo. AOL Time Warner ilimaliza 2002 na hasara ya karibu dola bilioni 99, sehemu kubwa ikiwa ni nyongeza ya namna hiyo iliyokuwa imeshikiliwa kwenye mizania.

Swali la malori leo limehamia kwenye seva. Mwaka 2023 Alphabet iliongeza umri wa seva zake kutoka miaka 4 hadi 6. Uchakavu wa mwaka huo ukapungua kwa dola bilioni 3.9 na faida halisi ikapanda kwa bilioni 3. Ilitangaza hayo yote, tarakimu kwa tarakimu, na hilo linaitenga na mambo ya Waste Management. Januari 2025 Meta ilisogeza nyingi za seva zake hadi miaka 5 na nusu, na mwezi huohuo Amazon ikapunguza baadhi ya zake kutoka miaka 6 hadi 5, ikitaja kasi ya teknolojia ya akili bandia. Kampuni mbili zinazonunua mitambo ya jamii moja zimeutazama wakati uleule zikaenda pande mbili. Huenda zote ziko sahihi, kama Delta na Singapore Airlines, ikiwa zinazitumia tofauti. Mwenye hisa hana haja ya kuamua leo. Afungue maelezo ya mali na mitambo, agawe uchakavu uliolimbikizwa kwa gharama ya awali aone mitambo imechoka kiasi gani vitabuni, kisha afuatilie mwaka hadi mwaka mstari wa hasara za mali zilizofutwa kabla ya wakati wake. Katika mstari huo, moja ya kampuni hizi itaanza kujibu kabla ya nyingine.