Sifuri Mlangoni mwa MySQL

Juni 2012, Sergei Golubchik, mratibu wa usalama wa MariaDB, alitangaza hadharani udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2012-2122. Ulikuwa umejificha ndani ya MySQL na nduguye MariaDB, katika kipande kifupi cha msimbo kinachokagua nywila. Aliyejua jina la mtumiaji, na karibu kila seva ya namna hii ina mtumiaji aitwaye root, aliweza kuingia kwa nywila yoyote ya uongo, mradi abishe hodi mara mia tatu hivi. Kazi hiyo haikumaliza hata sekunde moja.

Habari za namna hii husomwa kwa maudhui yake: nani yuko hatarini, kiraka kinapatikana wapi. Mimi nataka kuisoma fani, kwa sababu kosa lenyewe ni la fani.

Fankisheni inayohusika inaitwa check_scramble. Inapokea jibu la mteja, inalifumbua, inapata baiti 20, kisha inazilinganisha na baiti 20 zilizohifadhiwa. Mstari wake wa mwisho unaagiza jambo moja tu: rudisha ilicholeta memcmp, fankisheni ya C inayolinganisha baiti. Usome mara kumi, hutaona kasoro. Memcmp huleta sifuri pande mbili zinapofanana. Zikitofautiana huleta namba hasi au chanya. Ukubwa wa namba hiyo kanuni za lugha ya C hazikuuwekea mpaka.

Pandisha macho sasa hadi kichwa cha fankisheni. Pale pameandikwa kwamba jibu lake ni la aina ya my_bool, ambayo katika MySQL ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya biti 8 tu. Memcmp, kwenye mashine hizo, huleta namba ya biti 32. Biti 24 za juu zinakatwa, na mstari wenyewe hauonyeshi popote kwamba kuna kilichokatwa. Namba 512 ikipita hapo, inatoka ikiwa sifuri. Msomaji wa tenzi anaijua inkisari: mshairi hulifupisha neno ili kipande kitimize mizani nane, na inkisari njema huiacha maana nzima. Hapa namba imebanwa katika biti nane, na maana imepinduka. Tofauti imesomwa kuwa usawa.

Isitoshe, fankisheni hii imeifanya sifuri kuwa alama ya kukubali. Ni desturi ya zamani katika C, lakini mlangoni ni desturi mbaya. Pale ambapo utupu ndio ruhusa, kila kinachopotea njiani kinamfaa mvamizi.

Lakini sehemu inayonishika zaidi ni nasibu. Kila mteja anapojiunga, seva humpa baiti 20 za kubahatisha azichanganye katika jibu lake, ili anayedukiza njiani asiweze kulitumia tena jibu la jana. Ni ulinzi uliofikiriwa vizuri. Ila ni baiti hizo hizo zinazoifanya nywila moja ya uongo izae matokeo mapya kila inapoletwa. Bila nasibu, nywila hiyo ingekataliwa leo, kesho na mtondo kwa jibu lile lile. Kwa nasibu, kila jaribio ni kura mpya yenye takriban nafasi moja kati ya 256, na mashine haichoki kupiga kura. Kinga dhidi ya mwizi mmoja ikawa ngazi ya mwingine.

Je, ni uzembe? Nakataa. Memcmp iliyojengwa ndani ya kompaila ya gcc haikuleta namba za kudhuru, wala ile ya mifumo ya BSD. Iliyozileta ni ile ya maktaba ya glibc kwenye Linux, iliyoharakishwa kwa amri za SSE za prosesa. Kwa hiyo vifurushi rasmi vya MySQL vilikuwa salama, na baadhi ya vile vilivyojengwa na wasambazaji wa Linux havikuwa. Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Maana ilikamilishwa na kompaila na maktaba, mbali na macho ya mwandishi. Anayetaka kuhakiki msimbo wa usalama hana budi kusoma hadi huko, na hilo ni zito kuliko watu wengi wanavyokubali.

Kiraka kiliongeza neno moja, test, linaloizunguka memcmp na kuigeuza namba yoyote isiyo sifuri kuwa 1 kabla haijafika penye mkato. MySQL ililipata katika matoleo ya 5.1.63 na 5.5.24. Mstari ukawa mzito kidogo, na kwa mara ya kwanza ukasema waziwazi kwamba unauliza swali la ndiyo au hapana. Sifuri, hata hivyo, iliachwa na maana yake ya kukubali. Ningekuwa mhariri wa msimbo ule, nayo ningeibadilisha siku hiyo hiyo.