Mkono wa Mtunza Chaja

Anayetaka kujua uzito wa kazi ya utunzaji aende Ndagoni, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mafia. Huko, kwenye Ras Kisimani, mji wa kale wa Kisimani Mafia umeliwa na bahari hata yakabaki magofu machache. Bahari ile ile hufanya na kazi ndogo zaidi usiku na mchana: upepo wake hulaza chumvi juu ya kila chuma. Katika hewa kama hiyo chaja kubwa ya betri, ya mnara wa simu au ya chumba cha sola, inatakiwa isilale hata saa moja.

Wengi huiona chaja kama sanduku la kuchomeka na kusahau. Chukua ile ya mnara wa simu. Betri zake ni seli 24 za volti mbili-mbili zilizoungwa kwa mfululizo, na zikishajaa chaja huzishikilia kwenye volti 54 hivi. Ikilegea hapo, bamba za risasi huota ganda la salfeti na betri hudumaa. Ikizidisha, maji ya betri huchemka na kutoa hidrojeni, na chumba kilichofungwa chenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo hungoja cheche moja.

Fundi mzuri haanzi na spana. Huanza na sikio: feni inazunguka sawasawa, au inakwaruza? Kisha huweka mita yake kwenye vichwa vya betri na kulinganisha na namba inayoonyeshwa na chaja, maana chaja nayo hudanganyika. Ndipo huzima, hutenganisha betri, na husubiri. Kusubiri huko ni sehemu ya ufundi, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme baada ya swichi kuzimwa, na mwenye pupa hupigwa.

Vumbi hutolewa kwa brashi laini, kavu. Halafu huja nati, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Nati iliyolegea huzaa joto, joto huilegeza zaidi, na dalili ya kwanza ni ganda la waya kubadilika rangi kidogo, kama ukucha mmoja hivi, karibu na kiungo. Jicho lisilozoea hupita. Lake husimama. Ukoga wa kijani kwenye shaba huuosha kwa magadi soda, hukausha, hukaza kwa kipimo, kisha hupaka mafuta ya mgando ili chumvi ikose pa kushika.

Joto nalo lina hesabu yake. Betri ya risasi inayoishi kwenye nyuzi 35 badala ya 25 hupoteza kama nusu ya umri wake. Ndiyo maana chaja hupunguza takribani milivolti 3 kwa kila seli kwa kila nyuzi inayopanda. Kwa seli 24 na nyuzi 10, ni karibu robo tatu ya volti. Hesabu hiyo hutegemea kihisi kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa betri. Kikibanduka, chaja hupima hewa, na betri huungua taratibu bila king'ora kulia. Fundi hukigusa kila anapokuja, kisha huandika namba zote daftarini, maana ugonjwa wa betri huonekana kwa kulinganisha mwezi na mwezi.

Wenye mashua wa pwani hii hawangoji maji yajae ngamani. Huipandisha ufukweni ikiwa nzima, huiparura, huikalafati, huipaka sifa. Hakuna anayewaita waoga.

Kwa chaja tumekuwa wagumu. Tunamshangilia anayewasha taa baada ya giza la siku tatu, huku kipuri kikivushwa kutoka Nyamisati ya bara hadi Kilindoni kisiwani Mafia, na tunamsahau aliyezuia giza lisije. Basi ninyi mnaofunga mitambo visiwani, kwenye bajeti ya chaja andikeni pia mita, spana, daftari na ujira wa mwaka mzima wa mtu wa kuitunza.